Mama Chapa na Pembetatu ya Swali la Nane

Kwa miaka ishirini na saba Mama Chapa alipiga chapa mitihani ya hesabu bila kujua hesabu, wala hakuliona hilo kuwa ajabu. Mchonga mihuri si lazima awe hakimu, alikuwa akisema, na fundi saa si lazima awe mtu wa kuwahi.

Ofisi yake ilikuwa chumba chembamba kilichobanwa kati ya stoo ya vitabu na chumba cha walimu. Kilikuwa na dirisha moja, kabati la chuma la mitihani lenye kufuli, na meza ambayo mguu wake mmoja ulitiliwa kipande cha kadibodi kilichokunjwa mara nne. Aliingia humo akiwa msichana, akakabidhiwa mashine ya chapa nzito kama jiwe la kusagia pamoja na bibi mmoja mkali wa kumfunza. Mashine haikuwa na alama za hesabu, hivyo Mama Chapa alifundishwa kuacha nafasi, kisha kuzijaza kwa kalamu nyeusi na rula. Mkono wake ulikuwa mtulivu. Walimu walisema kipeuo cha Mama Chapa kimesimama vizuri kuliko chao.

Yule bibi alimwachia pia sheria moja: mpiga chapa hasomi, anapiga. Anayesoma huanza kusahihisha, na anayesahihisha huanza kuharibu. Ukiletewa "ng'ombe ana miguu mitano," piga mitano, kisha nenda nyumbani ukalale usingizi wako. Sheria hiyo ilimkalia Mama Chapa kichwani kama kilemba, na hakuivua hata mashine ilipoondolewa na kompyuta ikaletwa.

Mambo yaliharibika katika mtihani wa kidato cha pili. Swali la kwanza lilitaka wanafunzi wakokotoe tatu kipeo cha pili jumlisha nne kipeo cha pili, na jibu lake ni ishirini na tano. Katika kompyuta ya Mama Chapa vile viwili vidogo vilikaa juu, palepale vinapostahili. Faili lilipofunguliwa katika kompyuta ya kuchapishia, vikaporomoka. Tatu na kiwili chake wakawa thelathini na mbili. Nne na kiwili chake wakawa arobaini na mbili. Wanafunzi mia moja na kumi na wanane wakajumlisha kwa furaha isiyo kifani, wakapata sabini na nne.

"Sijawahi kuona darasa linafaulu hivi," alisema mwalimu wa hesabu, akiwa ameshika rundo la karatasi kama mtu aliyebeba mtoto wa jirani. Huyu walimwita Mwalimu Eksi, kwa sababu kwake kila kitu kilianza na "tuseme ni eksi," hata chai ya saa nne. "Wote wamepata. Tatizo ni kwamba wamepata kitu nisichouliza."

Mwalimu Mkuu, mama mwenye sauti ya chini isiyohitaji kupandishwa, alimwita Mama Chapa ofisini.

"Dada yangu, sikulaumu," alisema. "Lakini mtihani wa pamoja unakuja. Shule sita, na safari hii sisi ndio tunaoandaa. Kuna duka la vifaa vya ofisi mjini, wana vijana wanaopanga hesabu vizuri. Nafikiria kuwapa wao."

"Mitihani yote, Mwalimu Mkuu?"

"Ya hesabu tu. Barua na ratiba utaendelea nazo."

Barua na ratiba! Mtu aliyechora vipeuo kwa mkono miaka ishirini, leo abaki na ratiba za zamu ya kufagia? Mama Chapa akajikaza kisabuni.

"Nipe mtihani huu mmoja. Nikikosea hata nukta, wapelekee."

Mwalimu Mkuu alifunua kalenda yake. "Ijumaa ya wiki ya tano, saa nne asubuhi, mezani kwangu. Ukiwa na kosa, tusigombane."

Hivyo ndivyo mwanamke wa miaka hamsini na moja, aliyewahi kupata alama tisa kwa mia katika hesabu, alivyoanza shule upya, kwa intaneti ya ofisi na daftari la mistari.

Kwanza aligundua kwamba wanaoandika hesabu kwa dhati hawatumii programu ile ya barua. Wana lugha yao ya kupangia: unaandika amri kwa maneno, nayo mashine inakutolea alama. Ukitaka sehemu, unaitaja, unaipa cha juu na cha chini ndani ya mabano. Ukitaka kipeuo, unakitaja kwa jina. Kila kipande cha hesabu hufungwa kwa alama ya dola, moja mwanzoni na moja mwishoni. Siku ya kwanza alisahau kufunga, na maagizo ya mtihani mzima yakalala ubavu, yakashikana: *Jibumaswaliyoteonyeshanjia*. Alicheka peke yake mpaka mwalimu wa jiografia akachungulia dirishani.

"Mama Chapa, salama?"

"Salama! Nimesahau kufunga mlango, maneno yote yamelala."

Baadaye akapata tovuti ambayo unachora alama kwa kipanya, hata kwa mkono wa kutetemeka, nayo inakutajia jina la amri yake. Akapata kamusi kubwa ya maneno ya hesabu. Akapata kurasa ambazo watu wawili huandika hati moja kwa pamoja, kila mmoja kwake. Akapata masomo ya video, mengine ya mwalimu asiyeonekana uso, mkono tu na chaki. Kila alichokipata alikiingiza daftarini, anwani upande wa kushoto, na upande wa kulia maoni yake, kwa uaminifu wa mtu anayeandika habari za majirani:

*Huyu ana maneno mengi, lakini ukivumilia anafika.*

*Hawa wana majibu, ila hawana salamu.*

*Huyu anafundisha sehemu kwa kukata karatasi. Laiti ningelimpata nikiwa na miaka kumi na mitatu.*

Habari za daftari zikaenea. Mwalimu wa jiografia alikuja kunakili anwani ya tovuti ya grafu, mwalimu wa fizikia akaja kwa ile ya alama, na karani wa maktaba akaja bila haja yoyote, akakaa. Mwalimu Eksi peke yake hakuja. Alikuwa na daftari lake mwenyewe, lenye jalada lililoshonwa kwa uzi, na maswali yake yote yalitoka humo.

Jumatatu ya wiki ya tano alileta mtihani, kurasa nne za mwandiko uliosimama wima kama askari wa gwaride. Kufikia saa nane mchana Mama Chapa alikuwa amepanga maswali saba bila doa. Likabaki la nane, la mwisho, ambalo lilitaka mchoro:

*Pembetatu mraba ina kiegama cha sentimita 12. Kimo kutoka kwenye pembe mraba hadi kwenye kiegama ni sentimita 7. Tafuta eneo lake.*

Lilikuwa swali la zamani. Vidole vyake vililijua. Kiegama ndio ule upande mrefu unaoitazama pembe mraba, na zamani alikuwa akiulaza chini kwa rula, akisimamisha pande mbili juu yake zikutane kama paa la nyumba, akishusha kimo katikati, kisha akaandika 12 hapa na 7 pale. Nani angepima? Safari hii, hata hivyo, alitumia tovuti ya kuchora maumbo, ambayo haichori picha bali inatii masharti. Akaiambia: mstari huu uwe kumi na mbili. Ikatii. Hii ya juu iwe pembe mraba, isibadilike. Ikatii. Kisha akakamata ile ncha ya juu kwa kipanya, akaivuta ipande, huku kimo kikijiandika pembeni.

Tano na nukta mbili. Tano na nukta nane. Sita.

Akaendelea kuvuta. Ncha ikapinda kuelekea upande wa pili na kuanza kuteremka: tano na nukta tisa, tano na nukta sita. Akairudisha. Ikapanda hadi sita, ikateleza tena kama mbuzi anayekataa daraja.

"Saba, mwanangu," aliibembeleza. "Panda mpaka saba."

Haikupanda.

Jumanne nzima alijilaumu. Akaenda kwenye jukwaa la maswali, lile aliloandika kwamba hawana salamu, ambako wapangaji wa hesabu kutoka pande zote za dunia huulizana. Hakuweza kuwawekea swali lenyewe, kwa kuwa mtihani ambao haujafanywa ni siri, na siri ya mtihani alikuwa ameilinda miaka ishirini na saba chini ya kufuli. Aliwaeleza kwa juujuu: ana mchoro ndani ya hati ndefu, na sehemu yake moja haifiki anapotaka.

Jibu lilikuja baada ya dakika kumi, kavu kama bisi. Hati nzima hatuihitaji. Ondoa kila kisichohusika, kimoja kimoja, ukijaribu kila mara. Kikibaki kitu kidogo kabisa ambacho bado kina tatizo lile lile, tuletee hicho.

"Ugenini kwenyewe sijapewa hata kiti," alinung'unika Mama Chapa, "naambiwa nivue viatu na koti!"

Lakini ndiyo iliyokuwa desturi ya pale, na yeye aliheshimu desturi za kazi. Akaondoa jina la shule. Akajaribu: sita. Akaondoa maagizo, kisha maswali saba, moja baada ya jingine: sita. Akaondoa rangi, herufi za kwenye ncha, unene wa mistari. Jumatano kabla ya chakula cha mchana palikuwa pamebaki vitu vitatu tu kwenye kioo: mstari wa kumi na mbili, pembe mraba, na kimo. Bado sita.

Mama Chapa aliegemea kiti. Kila kilichokuwa chake alikuwa amekiondoa. Kilichobaki kilikuwa cha Mwalimu Eksi.

Jukwaani hakuweza kurudi, maana kile kitu kidogo walichokitaka ndicho swali lenyewe la mtihani. Kwa Mwalimu Eksi je? Mtu wa alama tisa kwa mia aende kumwambia mwalimu aliyefundisha miaka ishirini kwamba pembetatu yake haipo duniani? Akiwa amekosea yeye, kazi ya hesabu imekwenda mjini na kicheko kimebaki shuleni. Na kama akinyamaza, apige tu kama alivyofunzwa, saba ibaki saba, hakuna atakayejua. Mitano, na nyumbani kulala. Lakini alikuwa ameisoma. Haikuwezekana tena kutoisoma.

Mumewe alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba yao. Mama Chapa alifika na mkoba begani, akapita katikati ya maranda bila hata kuvua viatu vya ofisi.

"Fundi."

"Naam, bibie. Leo umerudi na jua."

"Nataka unipimie kitu." Aliziongeza namba mara mbili, ili siri isimtoke. "Mbao mbili zikutane kwa pembe mraba, kama paa. Chini, kutoka ncha hadi ncha, sentimita ishirini na nne. Kwenda juu, kumi na nne."

Fundi hakuinua hata penseli sikioni. "Haiwezekani."

"Hujapima!"

"Sihitaji kupima. Lete mkono." Alipiga misumari miwili kwenye ubao, sentimita ishirini na nne kati yake. Akachukua ile zana yake ya chuma ya pembe mraba, akaiegemeza ili kila mkono wake uguse msumari mmoja, kona ikiwa juu, na kwenye kona akamshikisha mkewe penseli. "Sukuma taratibu. Chuma kisiachie misumari."

Mama Chapa alisukuma. Kona ilitembea, na penseli ikaacha mstari uliopanda, ukapinda, ukashuka hadi msumari wa pili. Nusu duara, safi kama ukingo wa sahani. Fundi akaweka rula katikati.

"Kumi na mbili. Nusu ya upana, basi. Hapo ndipo dari yake. Ukiilazimisha ipande zaidi, pembe inabana, si mraba tena, na mvua itakuambia."

"Jambo hili unalijua tangu lini?"

"Tangu nianze kuezeka."

"Na miaka yote hiyo hukuniambia?"

"Uliniuliza lini habari za paa? Wewe huuliza litakwisha lini."

Asubuhi ya Alhamisi alipiga moyo konde na kumkuta Mwalimu Eksi katika chumba cha walimu, akikoroga chai.

"Mwalimu, swali la nane lina shida."

"Limetoka vibaya?"

"Limetoka vizuri. Lina shida lenyewe."

Vijiko viliacha kugonga vikombe. Mwalimu wa jiografia alifunua gazeti ambalo alikuwa amekwisha kulisoma.

"Mama Chapa," alisema Mwalimu Eksi polepole, "tangu lini kompyuta ya ofisi ikanisahihisha?"

"Tangu jana mchana."

"Nusu mara kumi na mbili mara saba. Arobaini na mbili. Mwaka wa kumi na moja huu ninalitoa, hakuna mwanafunzi aliyelalamika."

"Hata ile sabini na nne hakuna aliyeilalamikia, mwalimu."

Gazeti la mwalimu wa jiografia lilianza kutikisika. Mwalimu Eksi aliweka kikombe chini, akasimama, akamfuata hadi ofisini kwake kwa hatua za mtu anayekwenda kumaliza jambo. Alikaa kwenye kiti cha Mama Chapa. Akakamata ile ncha, akaivuta. Sita. Akavuta kwa pupa, mpaka mchoro ukatoka nje ya kioo, akahitaji kusaidiwa kuurudisha. Akavuta taratibu. Sita.

"Inapita njia gani hii?" aliuliza, sasa kwa sauti nyingine.

Mama Chapa alibonyeza mahali, na njia ya ncha ikabaki imechorwa: nusu duara.

Mwalimu Eksi aliufuata ule mstari kwa kidole. "Pembe ndani ya nusu duara," alisema, kama mtu anayejisomea barua. "Ninaifundisha mwenyewe. Sura ya tisa. Nusu kipenyo ni sita. Sasa saba itapitia wapi?" Kisha akachukua karatasi zake nne kutoka mezani, akatoka.

Hakurudi mchana. Hakurudi wakati wa kengele ya kutoka. Mama Chapa alikaa na mtihani uliokamilika isipokuwa namba moja, na hakuwa na ruhusa ya kuigusa namba hiyo. Kupitia dirishani alimwona akivuka uwanja kwenda upande wa ofisi ya Mwalimu Mkuu, karatasi zikiwa kwapani. Alifunga kabati mara mbili, akasahau kama amelifunga, akalifunga mara ya tatu.

Ijumaa saa tatu na nusu aliitwa. Mwalimu Eksi alikuwa amekwisha kuketi mbele ya meza, miguu pamoja, kama mwanafunzi aliyechelewa. Mwalimu Mkuu alinyoosha mkono, akapokea mtihani uliopangwa, akausoma ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata mistari. Vipeo vilikuwa juu. Sehemu zilikuwa na cha juu na cha chini. Alipofika swali la nane akakuta mahali pa kimo pana kisanduku kitupu.

"Na hapa? Tulisema bila kosa, dada yangu."

Mama Chapa alifungua kinywa. Mwalimu Eksi akamtangulia.

"Kosa lilikuwepo, Mwalimu Mkuu. Ni langu. Jana nilikuja kukueleza nikakuta umekwenda mkutanoni." Alikohoa. "Miaka kumi nimewapa watoto wa watu alama kwa pembetatu isiyokuwepo. Sura ya nne, ya eneo, naifundisha, sura ya tisa naifundisha, lakini sikuwahi kuzikutanisha. Amezikutanisha yeye. Jana nimekesha... hapana, nisitie chumvi, nimekaa mpaka saa mbili usiku, nimepitia daftari langu lote. Kuna tangi la maji linalovuja haraka kuliko linavyojazwa, na bado kwenye majibu yangu linajaa."

Mwalimu Mkuu alijitahidi kuubana uso, ukamshinda, akacheka mpaka akavua miwani. "Sasa hapa iandikwe ngapi?"

Mwalimu Eksi alimgeukia Mama Chapa. "Tuseme tano?"

Mama Chapa alifunga macho, akaiona kona ya chuma ikitembea kati ya misumari. "Tano ipo," alisema. "Inafika mara mbili, upande huu na upande ule, lakini eneo ni lile lile. Thelathini."

Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yake alipotoa jibu la hesabu bila kuulizwa kwa fimbo. Akaketi pale pale na kuijaza namba hiyo, na saa nne kasorobo mtihani ulikuwa mezani. Jina la lile duka la mjini halikutajwa tena, wala siku hiyo wala baadaye.

Muhula uliofuata Mwalimu Eksi alileta maswali mapya mapema, wiki mbili kabla ya wakati. Mwandiko ulikuwa ule ule wa gwaride, ila safari hii ulisimama nusu ya karatasi. Upande wa kulia, kutoka juu hadi chini, alikuwa amepiga mstari na kuacha uwazi.

"Mwalimu, karatasi zimekuwa za bure siku hizi?" aliuliza Mama Chapa. "Nafasi yote hii ya nini?"

"Ya kunigombeza," alisema Mwalimu Eksi, akaenda zake kunywa chai.

Mama Chapa alivuta kiti, akachukua penseli, akaanza kusoma swali la kwanza.